Jina Lililo Kifuani: Somo Kutoka kwa Mchezaji Kanouté



Mama zetu, dada zetu, baba zetu na wana wetu, juma hili tumeazimia kuzungumza juu ya mpira wa miguu. Msistaajabu. Mpira umekwisha kuingia majumbani mwetu bila ya kubisha hodi. Hakuna mtaa, tokea Lamu hadi Vanga, usiokuwa na kijana awezaye kukutajia wachezaji kumi na mmoja wa klabu ya Uingereza au Uhispania kwa pumzi moja, ilhali ukimuuliza majina ya Makhalifa wanne waongofu hukwama kwa wa tatu. Jezi huvaliwa chini ya kanzu hata madrasa. Jambo lililofika hapo haliondoki kwa bakora. Lililo bora ni mzazi kulifahamu, apate kujua ni yupi katika wachezaji hao anayefaa kutazamwa, na atazamwe kwa lipi.

Tumemchagua Frédéric Oumar Kanouté. Alistaafu mwaka 2013, kwa hivyo vijana wadogo hawakumwona akicheza, lakini baba zao watamkumbuka. Tumemchagua kwa sababu moja. Katika maisha yake ya uwanjani palitokea wakati ambapo alichotakiwa kukivaa kifuani kiligongana na alichokibeba moyoni, na yaliyofuata yana somo kwa kila nyumba yenye simu na kijana.

Safari ya mchezaji

Kanouté alizaliwa tarehe 2 Septemba 1977 pembezoni mwa mji wa Lyon, Ufaransa, kwa baba mwenye asili ya Mali na mama Mfaransa. Alianzia klabu ya Lyon, kisha mwaka 2000 akavuka bahari kwenda London kuichezea West Ham, na mwaka 2003 akahamia Tottenham. Alikuwa mrefu wa kimo, lakini mguu wake ulikuwa laini. Hakuwa mshambuliaji wa kusukumana na kugombana, bali wa kuutuliza mpira na kuupeleka panapostahiki. Dini ameishika kwa dhati akiwa kijana wa takriban miaka 20, umri ambao wengi hupewa fedha na sifa kwa pamoja wakapotea katika vyote viwili.

Katika ujana wake aliwahi kuzichezea timu za vijana za Ufaransa. Kanuni za shirikisho la mpira duniani zilipobadilika na kuwaruhusu wachezaji wa namna yake kuchagua nchi nyingine ya asili, alichagua Mali, nchi ya babaye. Katika Kombe la Mataifa ya Afrika la mwaka 2004, kule Tunisia, alifunga mabao manne, akawa miongoni mwa wafungaji bora wa mashindano yale, na Mali ikafika nusu fainali.

Jina lake, hata hivyo, lilisimama imara baada ya kujiunga na Sevilla ya Uhispania mwaka 2005. Klabu hiyo haikuwa imetwaa kombe kubwa lolote tangu mwaka 1948. Mwezi Mei 2006, mjini Eindhoven, Sevilla iliilaza Middlesbrough mabao 4–0 katika fainali ya Kombe la UEFA, na bao la nne lilikuwa la Kanouté. Mwezi Agosti mwaka huohuo waliifunga Barcelona 3–0 katika Kombe la Super la Ulaya, naye akafunga moja. Mwaka uliofuata, mjini Glasgow, alifunga katika muda wa nyongeza dhidi ya Espanyol, na Sevilla ikalitetea Kombe la UEFA kwa mikwaju ya penalti. Mwezi Juni 2007 bao lake pekee liliipatia klabu Kombe la Mfalme mbele ya Getafe. Mwezi Agosti, katika uwanja wa Real Madrid, alifunga mabao matatu peke yake, Sevilla wakashinda 5–3 na kutwaa Kombe la Super la Uhispania.

Kwa kazi hiyo alitangazwa Mchezaji Bora wa Afrika wa mwaka 2007, na akawa wa kwanza kuipata heshima hiyo hali ya kuwa amezaliwa nje ya bara hili. Mpaka alipoondoka mwaka 2012 kwenda Beijing, Uchina, alikuwa ameifungia Sevilla mabao zaidi ya 130. Mji mzima ulimpenda: Wakristo kwa Waislamu, matajiri kwa wauza samaki.

Kifua na jina

Sasa tuje kwenye kiini cha maneno yetu. Katika msimu wa 2006–07, wakati ambapo Kanouté alikuwa akifunga kuliko wakati mwingine wowote, mdhamini wa jezi za Sevilla alikuwa kampuni ya kamari ya intaneti. Jina lake hatulitaji hapa, kwa kuwa kulitaja ni kulitangaza. Jina hilo lilichapishwa kwa herufi kubwa mbele ya jezi, juu ya kifua cha kila mchezaji.

Kanouté aliona uzito. Muislamu anajua kwamba katika Suratul Maida, aya ya 90, Mola ameiweka kamari pamoja na ulevi katika makatazo, na kwamba aya inayofuata imeeleza sababu: huleta uadui baina ya watu na huwasahaulisha Mola wao na swala zao. Mchezaji mwenye kupendwa namna ile akilibeba jina la kamari, kifua chake hugeuka ubao wa tangazo. Na watoto wanaompenda watalipenda na jina. Aliieleza klabu dhamiri yake, na klabu ikamstahi. Kwa muda akaingia uwanjani na jezi isiyo na jina, akiwa peke yake miongoni mwa wenzake.

Msomaji asidhani tunataka kumfanya walii. Baadaye, baada ya mazungumzo na klabu, alionekana akiivaa jezi kama wenzake, na jina likiwamo. Wapo watakaosema: basi alishindwa. Sisi tunasema tusiharakishe kuhukumu, tuitazame hali yenyewe. Alikuwa na mkataba. Alikuwa mmoja katika kikosi cha watu zaidi ya ishirini. Mdhamini ndiye aliyekuwa akileta fedha ambazo klabu iliendeshea shughuli zake, pamoja na kulipa mishahara, na wake ukiwamo. Tena msomaji makini atauliza swali gumu zaidi: hata angevaa jezi tupu msimu mzima, je, mshahara wake usingekuwa umechanganyika na fedha zile?

Swali hilo si geni kwetu sisi watu wa pwani. Wangapi katika vijana wetu wanafanya kazi katika mahoteli ya ufuoni, ambako upande mmoja wanapika chakula cha halali na upande wa pili kuna baa? Wangapi wanahesabu fedha katika maofisi yenye riba? Mtu aliyeingia katika dunia ya leo hukuta halali na haramu zimekaa jirani, na ukuta baina yao ni mwembamba. Fatwa ya kila mmoja ataitafuta kwa mwanachuoni anayeijua hali yake. Lakini linalotufaa sote katika kisa cha Kanouté ni hili: alianza na kile kilichokuwa juu ya mwili wake mwenyewe. Hakusema, "Maadamu sina uwezo wa kuzuia yote, basi sitazuia lolote." Aliuliza, akakataa kwa adabu, na swali lake likasikika Ulaya nzima.

Je, swali hilo lilipotea? Halikupotea. Mwezi Novemba 2020 serikali ya Uhispania ilipitisha amri ya kudhibiti matangazo ya kamari, na kuanzia msimu wa 2021–22 majina ya kampuni hizo yakaondoka katika jezi za klabu za nchi ile. Hatusemi kwamba sheria ilitungwa kwa sababu ya Kanouté. Ilitungwa kwa sababu serikali iliona familia zikiumia na vijana wakizama. Nchini Uingereza, klabu za Ligi Kuu zilikubaliana mwezi Aprili 2023 kuyaondoa majina hayo mbele ya jezi ifikapo mwisho wa msimu wa 2025–26, ingawa mikononi mwa jezi yameachiwa nafasi. Watu wasiokuwa na Suratul Maida mikononi mwao walifikia, baada ya hasara nyingi, mlango uleule ambao Muislamu mmoja aliubisha zamani akiwa peke yake.

Mzigo ule ulikuwa mzito kwa kifua kimoja. Ulihitaji mikono mingi, ukahitaji na sheria. Lishikeni hilo, tutalirudia.

Mali iliyobaki

Mji wa Sevilla ndio Ishbiliya wa wazee wetu wa Andalusi. Ibn Rushd aliwahi kuwa kadhi katika mji huo. Mnara wake mashuhuri, Giralda, unaopigwa picha na watalii, ulijengwa mwishoni mwa karne ya 12 kuwa mnara wa adhana wa msikiti mkuu. Leo ni mnara wa kengele za kanisa. Mwaka 1248 mji ulitoka mikononi mwa Waislamu, na tangu hapo historia yao pale ni historia ya kukodi na kuhama.

Mwaka 2007 Waislamu wa mji huo walikuwa wakiswali katika jengo la kukodi lililoko katika uwanja wa Ponce de León. Mkataba ulifika mwisho, na jengo likawa katika hatari ya kuuzwa kwa wengine. Mwezi Desemba mwaka huo habari zikatoka kwamba Kanouté amelinunua kwa fedha zake, zaidi ya euro 500,000, ili watu waendelee kuswali. Magazeti ya wakati ule yalikadiria kwamba fedha hizo zilikaribia mshahara wake wa mwaka mzima. Ikumbukwe kuwa mwaka huo ndio aliokuwa kileleni, wakati ambapo mchezaji hushauriwa anunue gari la pili na nyumba ya tatu.

Kadhalika aliunda taasisi ya hisani, na kupitia kwayo kikajengwa nchini Mali kijiji cha watoto mayatima kiitwacho Sakina, yaani utulivu, chenye makazi, masomo na matibabu. Hata baada ya kustaafu, mwaka 2019 alisimama tena mbele ya watu akiwaomba Waislamu wa dunia wachangie ujenzi wa msikiti na kituo cha utamaduni mjini Sevilla. Mabao yake yamebaki katika kanda za kutazamwa. Kijiji cha Sakina kinalala mayatima.

Na yako mengine yaliyomgharimu. Tarehe 7 Januari 2009, watu wa Gaza walipokuwa chini ya mabomu, Kanouté alifunga bao katika mechi ya Kombe la Mfalme dhidi ya Deportivo, kisha akaipandisha jezi yake kuonesha fulana nyeusi iliyoandikwa jina la Palestina kwa lugha mbalimbali. Hakutukana mtu wala hakutoa hotuba. Mwamuzi akamwonesha kadi ya manjano, na shirikisho la mpira likamtoza faini ya euro 3,000, kwani kanuni zinakataza ujumbe wa namna hiyo. Mara hii pia suala lilikuwa lilelile: ni jina gani linalofaa kukaa kifuani mwa mtu anayetazamwa na maelfu? Jina la kamari liliruhusiwa na kulipiwa. Jina la watu wanaokufa lilitozwa faini. Mwenye akili na azingatie.

Pamoja na hayo, mapenzi ya watu kwake hayakupungua. Mashabiki wa Sevilla, ambao wengi wao si Waislamu, waliendelea kuliimba jina lake, na hadi leo anahesabiwa miongoni mwa wachezaji wakubwa wa klabu ile. Vijana wetu wanaoogopa kuonekana wageni kazini au chuoni kwa sababu ya swala au hijabu wajifunze hapo. Watu humheshimu mwenye msimamo, maadamu msimamo huo unakwenda pamoja na adabu na kazi iliyo safi. Angekuwa mvivu mazoezini, hakuna ambaye angemsikiliza.

Jina hilo limekwisha kuingia nyumbani

Tunayasimulia haya kwa sababu kamari ya mpira haipo Sevilla pekee. Nchini mwetu kampuni za kamari zimewahi kuidhamini ligi kuu na klabu zetu kubwa. Mwaka 2019 zilipogombana na serikali juu ya kodi na leseni, udhamini ukakatika na klabu zikabaki zinahangaika. Na leo kijana hahitaji kwenda popote. Simu yake ndiyo duka, ndiyo benki, na ndiyo meza ya kamari. Hubeti akiwa kitandani, mama yake akiwa jikoni akidhani mwanawe anasoma.

Kina mama wengi husikia neno kubeti wasijue namna linavyokula. Basi tulieleze kwa hesabu ya sokoni. Chukua mchezo wa kurusha sarafu, nafasi ya kushinda ni nusu kwa nusu. Malipo ya haki yangekuwa: weka shilingi 100, ukishinda upewe 200. Lakini kampuni hailipi hivyo. Tuseme hulipa 185. Kijana akicheza mara 100 kwa shilingi 100, atakuwa ametoa 10,000. Akishinda mara 50, atapata 9,250. Ameshinda nusu ya michezo yote, na bado amepoteza 750. Hiyo ndiyo biashara yenyewe: tofauti ile ndogo, kwa maelfu ya vijana, kila siku. Kampuni haihitaji kudanganya ili ipate faida.

Ama zile zawadi kubwa za mamilioni, ambapo kijana hubashiri mechi kwa mfano 13, kila moja ikiwa na matokeo matatu, yaani kushinda, kushindwa au sare, namna za kujaza karatasi hiyo ni 1,594,323. Ndipo anapoweka nauli yake. Na akikaribia kupatia, akakosa kwa mechi mbili tu, husema, "Wiki ijayo nitapata." Kukaribia huko ndiko kunakomfunga kamba.

Dalili zake huanza ndogo ndogo. Nauli huisha Jumanne. Karo huwa pungufu kila muhula, na maelezo hubadilika. Kijana hukopa kwa simu, kisha hukopa pengine alipe mkopo wa kwanza. Huwa mkali bila ya sababu usiku wa mechi, na mpira wenyewe haufurahii tena. Hatazami mchezo, anatazama dakika. Na si vijana pekee. Wako baba wa nyumba ambao posho ya Jumamosi hupita hapo kabla ya kufika jikoni, na mke hunyamaza kwa kuficha aibu.

Tufanyeje? Turudi kwa Kanouté. Mtu mzima, tajiri, mwenye kupendwa na mji mzima, alipolibeba jambo hili peke yake lilimlemea. Vipi tutarajie mtoto wa miaka 16 alibebe peke yake, akiwa na simu mkononi na marafiki wanaomcheka?

Mzazi aanze kwa kuketi na mwanawe siku ya mechi, si kwa kuifunga televisheni. Amuulize, "Hilo jina mbele ya jezi ni la nini?" Watoto wengi hawajui, wamelivaa kama walivyovaa rangi. Akinunua jezi, atafute isiyokuwa na jina hilo, au jina lifunikwe kwa kitambaa. Mafundi wetu wa cherehani wanaiweza kazi hiyo kwa dakika chache. Amfundishe hesabu ile ya sarafu kwa mkono wake mwenyewe, arushe mara mia aandike matokeo, kwani kijana huamini zaidi alichokihesabu kuliko alichokemewa. Na akishagundua kwamba mwana ameingia, asianze kwa kumfedhehesha mbele ya nduguze. Aliyeanikwa hadharani hujificha zaidi. Aliyefunguliwa mlango wa toba hurudi. Mke naye asinyamazie posho inayopotea; amshirikishe mzee wa familia mwenye hekima kabla ya deni kuwa kubwa.

Na lililo juu ya uwezo wa nyumba, tulibebe kwa pamoja. Walimu wa madrasa walifundishe somo hili kwa mifano ya simu na mpira, sio kwa mifano ya karata peke yake. Maimamu walitaje mimbarini. Timu zetu za mitaani, zinapotafuta jezi kwa ajili ya mashindano ya Ramadhani, zisikubali kila mkono unaotoa. Wafanyabiashara wetu wa halali watangulie kutoa, vijana wasilazimike kuchagua baina ya kucheza na kumtii Mola wao. Na viongozi tuliowapigia kura waulizwe mbele ya watu: yaliyowezekana Uhispania yanashindikana vipi hapa?

Kupendwa na watu ni amana. Kanouté alipewa nyingi ya amana hiyo, na alipofika katika hesabu yake alikuwa na msikiti ulioswaliwa, mayatima waliolala salama, na swali aliloliuliza kwa adabu likajibiwa na wengine miaka mingi baadaye. Wana wetu hawatakuwa wote wachezaji mashuhuri. Lakini kila mmoja ana kifua, na kila mmoja anapendwa na mtu mdogo kuliko yeye anayemtazama: mdogo wake, mpwa wake, mtoto wa jirani. Tuwafunze mapema kuuliza ni jina gani wanalomvalisha.

Mwenyezi Mungu awahifadhi vijana wetu, awape riziki ya halali iwatosheleze, na azitie sakina nyumba zetu. Aamin.

Wabillahi tawfiq.